Kabla ya kununua kamba: Unavyoweza kuanza biashara ya kufundisha watu kupanda majabali bila kuihatarisha familia

MTU akirudi nyumbani jioni na kumwambia mwenzake kwamba anataka kuacha kazi ya mshahara ili afundishe watu kupanda majabali, swali la kwanza atakaloulizwa ni nani mwenye akili timamu atakayelipa pesa ili akaparamie mawe. Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe si baya. Swali la pili ndilo hukwepwa: mtoto wa watu akiumia akiwa kwenye kamba yako, familia hii itakuwa wapi?

Wateja wapo. Kilomita 40 hivi kutoka katikati mwa jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa baada ya Athi River, kuna vilima vya Lukenya ambako wanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa 1949, wamekuwa wakipanda kwa miongo mingi. Karibu na Naivasha kuna mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa 1984, yenye kuta ndefu za mawe ya volkano na ule mnara wa Fischer's Tower wenye urefu wa mita 25 hivi, ambapo wageni hupandishwa kwa kamba. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ilikuwa ya kwanza kujumuisha mchezo huu, na watoto walioutazama kwenye runinga wakaanza kuulizia. Makampuni hutafuta shughuli za kuwatoa wafanyakazi ofisini. Shule zenye wanafunzi kwenye mpango wa President's Award, ulioanzishwa humu nchini 1966, kila mwaka huhitaji safari zenye ugumu kidogo.

Kwa hivyo soko si hoja. Tuchukue mfano wa kijana ambaye wasomaji wengi watamtambua, kwa kuwa wana ndugu au binamu anayefanana naye. Ana miaka 29, anaishi Kitengela na mkewe na mtoto wa miaka miwili. Amepanda Lukenya kila wikendi kwa miaka sita. Ana akiba ya Sh400,000 kwenye sacco, nyingine ikiwa ya mkewe. Anakaa na karatasi na kuandika: kamba mbili, mikanda kumi ya kiunoni, helmeti kumi, karabina, viatu vya kupandia, mabango, ukurasa wa mtandaoni wenye picha nzuri. Akimaliza kujumlisha, pesa zimekwisha. Hajaandika bima, hajaandika mafunzo ya huduma ya kwanza, wala gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini. Karatasi kama hiyo inafaa kupinduliwa, ile orodha ya chini ikawa ya juu.

Si kwamba vifaa si muhimu. Mahali pa kubana matumizi si hapo pia, na baadhi ya makosa huanzia dukani. Kamba ya kupandia si kamba ya hadiwea. Ile ya kupandia imetengenezwa ivutike mtu anapoanguka, ili nguvu ya mshtuko imezwe na kamba badala ya kuishia kwenye uti wa mgongo wake na kwenye nanga ya juu. Kamba isiyovutika inaweza kubeba gunia la mahindi mwaka mzima bila tatizo, lakini mtu akiiangukia, mwili wake ndio hupokea pigo lote. Kamba halali ya kupandia huwa na alama ya EN 892 au ya UIAA, lile shirikisho la kimataifa la wapanda milima. Helmeti huwa na alama yake, EN 12492. Ile ya bodaboda au ya mjengo haiwezi kuchukua nafasi yake. Karabina huandikwa ubavuni uzito wa nguvu inayoweza kuhimili, na isiyoandikwa chochote ni ya kuning'inizia funguo.

Kuna jambo ambalo hata wazoefu husahau. Nailoni huharibiwa na asidi bila kuonyesha dalili yoyote ya nje. Kamba iliyosafirishwa kwenye buti ya gari karibu na betri iliyovuja inaweza kuonekana mpya na ikakatika kama uzi. Ndiyo maana kamba ya mtumba, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, haina nafasi katika biashara hii: anayeinunua hajui ilikolala. Kila kamba iwe na daftari lake, lenye tarehe ya kununuliwa, siku ilizotumika na mara ngapi imeangukiwa kwa nguvu. Watengenezaji wengi husema vifaa vya kitambaa visizidi miaka 10 hata kama havijaguswa, na kamba inayotumiwa na wanafunzi kila wikendi haikaribii umri huo.

Hata hivyo kamba kukatika ni nadra sana. Kinachoua na kuvunja watu kwa kawaida ni kitu kidogo cha aibu: fundo la nane lililoachwa nusu kwa sababu mtu aliitwa apigwe picha, mkanda ambao bakoli haikurudishwa, mshika kamba aliyekuwa akipiga gumzo, au mteja kushushwa kwa kamba fupi ambayo mwisho wake haukufungwa fundo, ikapita yote kwenye kifaa naye akadondoka. Tiba yake haigharimu hata shilingi. Kabla ya mguu kuinuka ardhini, wawili wanaotazamana wanakaguana: fundo, bakoli, karabina iliyofungwa, helmeti, mwisho wa kamba. Mwalimu anayeona haya kurudia ukaguzi huo mara 40 kwa siku atafute kazi nyingine.

Wanaoanza biashara hii wanafaa kujua kisa cha Septemba 1970 kwenye Mlima Kenya. Madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wamefika kileleni Batian, mita 5,199, wakaanza kushuka. Jiwe likang'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya. Mwenzake alikuwa daktari, alikuwa na nguvu, na alijua hasa ni nini kinachotokea ndani ya ule mguu. Elimu hiyo yote haikutosha kumtoa pale. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumfikisha chini, kwa juhudi za waokoaji wa Mountain Club of Kenya na kikosi kilichosafirishwa kutoka Innsbruck. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alifariki helikopta yake ilipoanguka katika shughuli hiyo. Judmaier alipona.

Lukenya si Batian. Lakini hesabu ni ile ile kwa kipimo kidogo: mtu aliyevunjika mguu mita 15 juu ya ardhi yuko mbali na hospitali kuliko ramani inavyoonyesha. Na swali ambalo wachache hujiuliza ni hili: ikiwa aliyeumia ni mwalimu mwenyewe, nani atamshusha? Ndio sababu biashara ya mtu mmoja, hata akiwa hodari namna gani, haifai. Lazima awepo msaidizi anayejua kushusha mtu kwa kamba, anayejua namba za kupiga, na ambaye ameshafanya zoezi hilo wakiwa hawana mteja.

Zoezi lenyewe lina jambo la kiafya ambalo limebadilika. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu, hasa akiwa amezimia au amechoka, damu hutuama miguuni na ubongo ukakosa ya kutosha. Anaweza kupoteza fahamu katika muda mfupi. Anatakiwa kushushwa haraka, na akiwa bado ana fahamu ahimizwe kukunja na kunyoosha miguu au kukanyaga kitanzi. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba akifika chini asilazwe, akalishwe. Ushauri huo umeachwa. Taasisi ya usalama kazini ya Uingereza iliupitia upya mwaka 2009 na kukosa ushahidi wa kuutetea. Mgonjwa akifika chini alazwe na apewe huduma ya kwanza ya kawaida: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Mwalimu anayeendelea kufundisha ule ushauri wa zamani alipata mafunzo muda mrefu uliopita na anafaa kurudi darasani.

Darasa hilo lipo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa nchini. Kwa kulinganisha, Uingereza haimpimi mtu anayetaka cheti cha kufundisha kupanda miamba kabla hajapata mafunzo ya huduma ya kwanza ya saa 16 kwa uchache, na Marekani wanaofundisha kwenye kuta fupi huwa na kozi ya siku tatu kisha mtihani wa siku mbili. Si lazima kila kijana wa Kitengela apande ndege akatafute karatasi hizo. Ila zinatoa kipimo. Miaka sita ya kupanda na marafiki humfanya mtu kuwa mpandaji. Kusimamia watu wanane wenye woga, wawili kati yao wakiwa wanakataa kushuka, ni ufundi mwingine.

Kisha kuna nyuki. Mtu aliyezoea kuta za ndani ya majengo anaweza kudhani hayo ni mambo ya vitabuni, lakini majabali ya Kenya yana nyufa, na nyufa zina mizinga ya asili. Mtu aliye chini hukimbia. Mtu aliyefungwa kwenye kamba hana pa kukimbilia, na mshika kamba anayeumwa usoni hatakiwi kuachilia. Kwa hivyo asubuhi, kabla ya wateja kushuka garini, mwalimu huzunguka chini ya ukuta akisikiliza na kutazama. Manukato makali yaachwe nyumbani. Fomu ya mteja iulize waziwazi kama amewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuumwa na mdudu. Mwenye mzio wa namna hiyo aje na sindano yake ya adrenalini ikiwa ameandikiwa na daktari, au asije kabisa.

Fomu hiyo, kwa kweli, ndiyo hati muhimu kuliko zote katika biashara hii, na wengi huichukulia kama karatasi ya kusaini tu. Mwenye pumu aonyeshe kifaa chake cha kuvutia dawa, na kiwe mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Mwenye kifafa azungumze na daktari wake kwanza. Mwenye kisukari aje na kitu cha kula. Mwenye selimundu anaweza kupatwa na maumivu makali akiishiwa maji mwilini au akijichosha kupita kiasi, na Lukenya saa saba mchana hakuna kivuli cha kutosha. Mjamzito asifungwe mkanda wa kawaida wa kiunoni. Majibu haya ni siri za kiafya za watu, mara nyingi za watoto, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahusu. Hayapigwi picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Kwa upande wa watoto, mambo mawili huwashangaza wazazi. La kwanza, mtoto mdogo hana nyonga za kutosha kushikilia mkanda wa kiunoni, na kichwa chake ni kizito kulingana na mwili. Akipinduka anaweza kuchomoka. Kuna mikanda ya mwili mzima iliyotengenezwa kwa ajili ya walio chini ya kilo 40, na biashara inayopokea watoto inatakiwa kuwa nayo. La pili ni vidole. Mifupa ya kijana aliye katika kipindi cha kurefuka haraka ina sehemu laini za ukuaji ambazo hazijakomaa, na mazoezi makali ya kujining'iniza kwa ncha za vidole yanaweza kuzivunja polepole. Maumivu yasiyoisha upande wa nyuma wa kiungo cha kati cha kidole, kwa kijana wa umri huo, hayasuguliwi dawa ya misuli. Anaacha kupanda na anapelekwa kupigwa eksirei. Mwalimu anayetaka kumtengeneza bingwa wa miaka 13 kwa haraka anaweza kumwachia kidole kilichopinda maisha yake yote.

Pia mwalimu huyu hugusa miili ya watoto wa watu, akikaza mkanda kiunoni na mapajani. Wazazi wana haki ya kuuliza cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, na mwalimu mwenye busara hukitoa kabla ya kuulizwa. Aombe ruhusa ya mtoto kabla ya kumgusa, na mtu mzima mwingine awe anaona.

Upande wa karatasi za serikali una kero lakini si mgumu: kusajili jina la biashara, namba ya KRA, kibali cha kaunti, na kuuliza Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ni leseni gani inayohitajika kwa shughuli atakayoifanya. Ndani ya Hell's Gate, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ndilo lenye usemi, na akisema leo mvua inanyesha milimani hakuna kuingia, hakuna mjadala. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalisomba wageni kwenye korongo la mbuga hiyo pamoja na kiongozi wao wa eneo hilo. Walikuwa wakitembea tu, hawakuwa wakipanda. Nje ya mbuga, jabali huwa lina mwenyewe, iwe ni mtu, kampuni au jamii, na ruhusa ya mdomo inayotolewa kwa kupeana mikono ni vyema ikaandikwa.

Bima ndiyo inayotenganisha biashara na mchezo wa pata potea. Ziko aina tatu za kuulizia, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Moja hulipia madhara yanayompata mteja. Nyingine ni ya wafanyakazi, ambayo sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri, hata kama mfanyakazi ni msaidizi mmoja. Ya tatu ni ya mwalimu na familia yake. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya lazima na ni mwanzo tu. Bima za maisha na za ajali mara nyingi huweka kando michezo ya hatari, kwa herufi ndogo za ukurasa wa nyuma, na mke wa mwalimu wa majabali anafaa kuwa ndiye anayeusoma ukurasa huo. Uanachama wa Amref Flying Doctors kwa ajili ya kusafirishwa kwa dharura unastahili kuulizwa bei. Fomu ya mteja kukubali hatari ina umuhimu wake, ila haimwondolei mwalimu wajibu wa kuwa makini, hasa mteja akiwa mtoto.

Sasa pesa. Kwa hesabu ya kukadiria, tuseme Jumamosi moja ina wateja wanane wa Sh3,000 kila mmoja. Hizo ni Sh24,000. Gari Sh9,000, kiingilio na chakula Sh4,000, msaidizi Sh3,000. Zimebaki Sh8,000. Akiweka kando Sh2,000 za kubadilisha vifaa na Sh1,500 za bima, anarudi nyumbani na Sh4,500. Masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba hula Jumamosi nyingi, kwa sababu jiwe lililolowa si la kufundishia. Akipata Jumamosi 30 nzuri kwa mwaka ni Sh135,000, yaani Sh11,250 kwa mwezi. Hiyo haimlei mtoto Kitengela.

Hesabu hiyo haisemi aache wazo lake. Inasema asiache kazi. Makundi ya makampuni siku za katikati ya wiki, shule wakati wa muhula, na kozi ya wiki nne kwa wanaorudi badala ya wanaokuja kupiga picha mara moja, ndivyo vinavyoweza kuinua mapato, na vyote hujengwa polepole kwa sifa. Wenzi wakubaliane pia ni akiba gani haiguswi. Shamba la wazazi halifai kuwekwa rehani kwa kamba na helmeti. Mama mkwe naye asifichwe: ndiye atakayebaki na mtoto Jumamosi zote 30, na ndiye atakayepigiwa simu kwanza mambo yakiharibika.

Kabla ya mteja wa kwanza kupokelewa, kuna Jumamosi moja ya kutumia bila malipo. Mwalimu na msaidizi wake waende Lukenya na rafiki mmoja mwenye uzito wa kutosha. Wampandishe, wamwambie ajifanye amezimia, kisha wamshushe huku mmoja akitazama saa. Wambebe hadi garini kupitia ile njia ya mawe, waone mikono inachoka wapi. Wajaribu simu katika kila kona ya jabali, maana mtandao hupotea upande mwingine wa mlima. Halafu waendeshe hadi Machakos Level 5, saa ile ile ambayo malori hujaza barabara ya Mombasa, waingie idara ya dharura na kuuliza iwapo kipimo cha kichwa cha CT kinafanya kazi wikendi na nani huwa zamu. Waandike dakika zote walizotumia, na karatasi hiyo wamwonyeshe mke.